Ukipandisha Usukani wa Pikipiki, Acha Nafasi ya Spana

 

Leo naomba tuweke pembeni mbegu, mbolea na viuatilifu, tuongelee pikipiki. Najua wapo watakaosema afisa ugani kaishiwa mada. Sijaishiwa. Huku kwetu vijijini pikipiki ni zana ya kilimo kama jembe lilivyo zana. Ndiyo inayowahisha maziwa kwenye kituo cha kupozea, ndiyo inayopeleka nyanya mnadani, ndiyo inayoleta mfuko wa mbolea kutoka dukani, na ndiyo inayonileta mimi shambani kwako. Mwaka 2022 Serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani, haikuwa kwa ajili ya kutamba mjini. Mtaalamu asiye na usafiri ni mtaalamu wa ofisini, na mazao hayalimwi ofisini.

Sasa kuna jambo naliona linashika kasi, nalo ni kupandisha usukani. Mtu ananunua vipande vya chuma au aluminiamu vya kuinulia usukani, mafundi wa mjini wanaviita raiza, anavifunga chini ya usukani, na usukani unapanda juu milimita 20, 30, wengine hadi 50. Asiyepata vya dukani anakwenda kwa mchomeleaji, anakatiwa vipande vya bomba, vinachomelewa, maisha yanaendelea.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane. Sipingi kupandisha usukani. Ninachopinga ni kupandisha usukani kwa namna inayokunyima wewe au fundi wako wa kijijini uwezo wa kuihudumia hiyo pikipiki. Kama spana iliyokuwa inaingia jana leo haiingii, hujaboresha pikipiki, umeifunga kufuli na ufunguo umeutupa.

Kwa nini watu wanapandisha

Tuwe wakweli, sababu zipo na ni za msingi. Pikipiki nyingi tunazotumia zilitengenezwa kwa mtu wa kimo cha kawaida kwenye barabara ya kawaida. Mtu mrefu anajikunja mgongo. Ukitembea kilomita 50 kwa siku kwenye njia ya makorongo, jioni mabega na kiuno vinalia. Kwenye mashimo unalazimika kusimama juu ya vikanyagio, na usukani ukiwa chini unasimama umeinama kama mtu anayetafuta sindano. Wapo pia wanaopandisha ili wapate nafasi ya kuweka kiroba au dumu juu ya tenki. Hao wa mwisho siwaungi mkono, maana mzigo juu ya tenki unazuia usukani kukata kona, lakini wapo.

Kwa hiyo anayesema "raiza ni urembo wa vijana" hajawahi kufanya kazi ya kuzunguka vijiji vitano kwa siku. Maumivu ya mgongo si urembo. Swali langu ni moja tu: baada ya kufunga, nani ataifikia nati iliyofunikwa?

Shida yenyewe iko wapi

Simama mbele ya pikipiki yako uangalie pale usukani unapokaa. Chini yake kuna bamba la juu linaloshika shokapu za mbele. Katikati ya bamba hilo, kwenye pikipiki nyingi, ipo nati kubwa ya shingo. Chini ya nati hiyo kuna nati nyingine yenye meno inayokaza gololi za shingo. Gololi hizi ndizo zinazofanya usukani uzunguke kwa ulaini. Kwenye barabara zetu zinalegea, zinakula, na zinahitaji kukazwa na kupakwa grisi mara kwa mara.

Sasa raiza ziko za aina mbili. Kuna zile za vipande viwili, kimoja kulia na kingine kushoto, katikati pakabaki wazi. Na kuna zile za kipande kimoja kipana kinachounganisha pande zote mbili. Hizi za kipande kimoja zinapendeza machoni na zinaonekana imara, lakini nyingi zinakaa juu ya nati ya shingo kama kifuniko cha sufuria. Kukaza gololi ilikuwa kazi ndogo. Sasa ni lazima ufungue usukani wote, utoe raiza, ukaze, urudishe, upange upya. Na kazi ikiwa ngumu hivyo, binadamu tunaijua tabia yetu: haifanyiki. Gololi zinaachwa zigonge mpaka zichimbe vijishimo kwenye njia yake, halafu siku moja kwenye mchanga usukani unakataa kunyooka.

Hilo ni la kwanza. La pili ni waya. Waya wa klachi, waya wa resi, waya wa breki ya mbele kwa zile za breki ya ngoma, na waya wa choki kwa zilizo nao usukanini, vyote vilikatwa kiwandani kwa urefu wa usukani wa mwanzo. Ukiupandisha, unavuta kila kitu. Fundi mwenye haraka anapata urefu kwa kuzungusha visikrubu vya kurekebishia mpaka mwisho. Waya unafika, pikipiki inawaka, unalipa, unaondoka. Lakini ameitumia nafasi yote ya marekebisho. Mwezi ujao klachi ikihitaji kurekebishwa kidogo, hakuna pa kurekebishia. Ukitaka kutoa ncha ya waya kwenye mkono wa klachi ili udondoshee oili, haitoki, kwa sababu waya ukikaza kama uzi wa gitaa haukupi ulegevu wa kuitoa. Inabidi uanzie chini kwenye injini. Matokeo yake waya haupakwi oili, unakauka, unakatika.

Klachi iliyokazwa namna hiyo nayo haishiki vizuri. Mkono wa klachi unatakiwa uwe na mchezo kidogo kabla haujaanza kuvuta. Kwa pikipiki nyingi ni kama milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono, na kipimo sahihi kiko kwenye kitabu cha pikipiki yako. Usipokuwa na mchezo huo, sahani za klachi zinateleza na kuungua taratibu. Utasikia injini inalia lakini mwendo hauongezeki, hasa ukipanda mlima na mzigo.

La tatu ni nyaya za umeme. Pikipiki nyingi ndogo nyaya za swichi za usukani zinaingia ndani ya taa kubwa ya mbele na kuunganishwa humo. Zikivutwa, viungio vinaachia kimoja kimoja. Leo honi, kesho indiketa, keshokutwa taa usiku porini.

La nne ni kwa wenye breki ya diski. Paipu ya mafuta ya breki nayo ina urefu wake, na haitakiwi kuvutwa hata kidogo. Halafu kile kikopo cha mafuta ya breki, usukani ukipanda na kugeuzwa, kinalala upande. Ukikitazama huwezi kujua mafuta yamefika wapi. Na mafuta ya breki yanavuta unyevu hewani, kwa hiyo hayatakiwi kukaa zaidi ya miaka miwili hivi bila kubadilishwa. Usipoweza kuyaona, utayakumbuka lini?

Ng'ombe hasubiri fundi

Wengine wanasema, "Bwana shamba, haya ni mambo ya mafundi, sisi yanatuhusu nini?" Yanakuhusu sana. Ngoja nikupe hesabu ya mfugaji.

Ng'ombe akionekana yuko kwenye joto asubuhi, tunashauri ahimilishwe jioni ya siku hiyo hiyo. Akionekana jioni, ahimilishwe asubuhi inayofuata. Dirisha ni dogo. Likipita, mfugaji anasubiri mzunguko mwingine, wastani wa siku 21. Katika siku hizo 21 ng'ombe anakula, anakunywa, anatibiwa, na mimba hana. Mhimilishaji anakuja na pikipiki, mtungi wa naitrojeni umefungwa nyuma.

Namfahamu mwenzetu mmoja wa kazi hiyo aliyekatikiwa waya wa klachi njiani akielekea kwa mfugaji. Waya wa akiba alikuwa nao kwenye begi, maana ni mtu makini. Lakini usukani wake ulikuwa umepandishwa na fundi mmoja wa mjini, na waya ule mpya, wa urefu wa kawaida, haukufika. Kibaya zaidi, waya wa zamani ulikuwa umepitishwa njia ya mkato nyuma ya nati za shingo na kubanwa na vifungo vya plastiki pamoja na nyaya za umeme. Kazi ya dakika 20 ikawa safari ya kusukuma pikipiki mpaka senta. Alipofika kwa mfugaji ilikuwa usiku wa kesho yake, na ng'ombe alishatoka kwenye joto.

Mfugaji yule hakujua raiza ni nini. Alichojua ni kwamba kapoteza siku 21. Na ndivyo ilivyo kwa mwenye maziwa: ya asubuhi yasipowahi kupozwa, kwenye jua letu yanaanza kuchachuka, na kituoni yatakataliwa. Ndivyo ilivyo kwa anayesubiri chanjo ya kideri ya kuku inayosafirishwa na barafu. Barafu nayo haisubiri fundi.

Ninavyowajibu wanaonipinga

Hoja ya kwanza ninayoisikia: "Bodaboda wote wanafunga na hakuna kinachotokea." Bodaboda wa mjini gereji iko hatua 100 kutoka kijiweni kwake. Kikikorofisha anasukuma dakika tano. Wewe wa mashambani gereji yako ni begi lako la spana na kivuli cha mwembe. Kifaa kinachofaa mjini kinaweza kukutesa porini.

Hoja ya pili: "Nikifunga waya mrefu yote yanakwisha." Yanapungua, hayaishi. Waya mrefu ni jambo jema na nitalirudia hapa chini, lakini hauifunui nati ya shingo, wala hauurudishi usawa wa kikopo cha mafuta ya breki. Na waya mrefu kupita kiasi unajikunja, unachubuka au unagusa injini ya moto.

Hoja ya tatu, hii naiheshimu: "Mgongo wangu unauma, unataka niteseke ili fundi apate raha?" Hapana. Nataka upone mgongo na pikipiki ipone. Kabla ya kununua chochote, jaribu kulegeza vishikio vya usukani na kuugeuza kidogo kuelekea kwako, kisha ukaze tena. Haigharimu kitu. Ikishindikana, fikiria usukani wenyewe wenye shingo ndefu unaokaa kwenye vishikio vile vile vya zamani. Huo waya bado utauvuta, lakini nati ya shingo unaiacha ilivyokuwa. Raiza iwe hatua ya tatu, si ya kwanza.

Masharti yangu kwa anayefunga

Ukiamua kufunga, mwambie fundi haya, na usimame hapo hapo mpaka amalize:

1. Chagua vipande viwili, si kipande kimoja kinachofunika katikati. Kabla hujalipa, weka raiza mahali pake bila kukaza, halafu ingiza spana ya nati ya shingo. Isipoingia, rudisha dukani.

2. Panda kidogo. Milimita 20 au 30 mara nyingi zinatosha kwa mgongo. Kadiri unavyopandisha, ndivyo usukani unavyopata nguvu ya kupinda na kutikisa bolti zake kwenye kila shimo. Urefu ukizidi mara mbili, nguvu hiyo pale chini nayo inazidi mara mbili.

3. Bolti ziwe ndefu za kutosha. Bolti ya milimita 8 inayoingia kwenye aluminiamu inatakiwa ishike uzi angalau milimita 12. Ikishika nyuzi mbili tatu tu, siku moja utabaki na usukani mkononi na pikipiki imekwenda zake.

4. Nunua waya wa klachi, wa resi na wa breki vyenye urefu unaofaa, na ununue viwili viwili. Kimoja kinafungwa, kingine kinakaa kwenye begi. Waya wa akiba wa urefu wa zamani hautakusaidia kitu.

5. Visikrubu vya kurekebishia vibaki katikati, pawe na nafasi ya kukaza na ya kulegeza. Fundi akivimaliza vyote siku ya kwanza, kazi haijaisha.

6. Waya zipite njia zile zile za kiwandani kadiri inavyowezekana. Zisipite juu ya silinda, zisizibe plagi, na zisifungwe kwa namna ambayo ukitaka kutoa tenki lazima ukate kila kitu.

7. Usichomelee usukani wala vishikio vyake. Mahali palipochomelewa hupata ufa usioonekana chini ya rangi. Na kama lazima uchomelee sehemu nyingine yoyote ya pikipiki, toa kwanza waya wa betri.

8. Pikipiki ya ofisi au ya kikundi si yako. Omba ruhusa ya maandishi kwanza, na kilichobadilishwa kiandikwe kwenye daftari la pikipiki ili anayefuata ajue anakutana na nini.

Jaribio la dakika kumi kabla ya kuondoka gereji

Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, tairi la mbele liwe juu. Geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia. Tazama kila waya na paipu: kuna kinachovutika? Kuna kinachobanwa? Je, kidole gumba kinabanwa kati ya mkono na tenki?

Washa injini, iache ingurume taratibu, gia ikiwa huru. Geuza tena pande zote mbili. Mlio ukipanda wenyewe unapokata kona, waya wa resi ni mfupi. Usitoke hapo. Pikipiki inayojiongezea mwendo kwenye kona itakutupa mtaroni.

Zima injini. Shika miguu ya shokapu za mbele kwa chini, vuta na kusukuma. Ukisikia mgongano, gololi za shingo zimelegea. Mwambie fundi azikaze hapo hapo mbele yako, kwa spana zake, raiza ikiwa imefungwa. Hapo ndipo utajua kama nafasi ipo au haipo. Fundi akianza kusema "hiyo tutaifanya siku nyingine", jibu umeshalipata.

Malizia kwa kuwasha taa, indiketa na honi huku usukani umekatwa kila upande.

Neno la mwisho

Tunapopanda mahindi kwa sentimita 75 kati ya mistari, hakuna mkulima anayesema ile nafasi imepotea bure. Ni njia ya kupitisha jembe la palizi na bomba la dawa. Ukiijaza miche, utashangilia wakati wa kuota na kulia wakati wa viwavi, kwa sababu huwezi kupita. Nafasi ya spana kwenye pikipiki ni hiyo hiyo, na ndivyo ilivyo kwenye pawatila uliyoichomelea kichanja juu ya kifuniko cha oili, au banda la kuku lenye kona isiyofikika na fagio. Kifaa chochote utakachoongeza, jiulize kwanza: nikikifunga hapa, nitashindwa kufikia nini?

Na kwenu wauza vipuri na mafundi: mteja akija kununua raiza, mwambieni na habari ya waya mrefu, bolti ndefu na nati ya shingo. Mkimuuzia nusu ya habari, mnamuuzia nusu ya kifaa, na nusu iliyobaki ataitafuta akiwa porini, mvua inanyesha, na dumu la maziwa liko nyuma.

Wiki ijayo tunarudi shambani, tutaongelea utunzaji wa mahindi ghalani dhidi ya dumuzi. Kazi njema, na uendeshe salama.